Nyumba za Kulipa Kuni: Maskini wa Japani na Maji ya Moto

Mtu akitajiwa Japani, aghalabu linalomjia kwanza ni motokaa, saa na mitambo. Ni wachache waliopata kusikia kwamba nchi hiyo, iliyokaa juu ya milima ya moto tangu kusini hata kaskazini, ina zaidi ya chemchemi 27,000 za maji ya moto, na kwamba kando ya chemchemi hizo zimekuwako kwa zaidi ya miaka elfu nyumba za kupokea wageni. Zimo katika hizo nyumba za fakhari, ambazo usiku mmoja humla mtu mshahara wa siku nyingi. Si hizo tutakazozizungumza. Khabari yetu ni ya nyumba ndogo za mbao, ambamo mkulima aliyekwisha kupanda mpunga wake aliweza kwenda na mkewe na mama yake mzee, wakakaa wiki nzima au hata tatu, wakarudi kwao bila ya kuacha deni nyuma.

Iliwezekanaje? Zamani za watawala wa Tokugawa, yaani baina ya mwaka 1603 na 1868, msafiri akikuta njiani nyumba za wageni za namna mbili. Ya kwanza ikiitwa hatago; humo mgeni hupewa chumba na chakula cha usiku na cha asubuhi, na hulipa kwa vyote. Ya pili ikiitwa kichin-yado, na maana yake ni nyumba ya bei ya kuni. Humo mgeni huja na mchele wake, hupika mwenyewe, na anachotozwa ni thamani ya kuni alizochoma pamoja na mahali pa kulaza ubavu. Nyumba za kwenye chemchemi ziliushika utaratibu huu wa pili hata ukawa ndiyo dasturi yao. Mgeni akija na mfuko wa mchele, kibweta cha miso (ambayo ni maharage ya soya yaliyochachushwa kwa chumvi), mboga za kukaushwa na sufuria. Mwenye nyumba akitoa chumba, makaa, na njia ya kuyafikia maji. Na maji yenyewe hayakuwa na bei kubwa, kwa sababu aghalabu hayakuwa mali ya mwenye nyumba. Yalikuwa ya kijiji. Hapa ndipo penye kiini cha khabari hii, nasi tutaparejea.

Tuanze mbali kidogo. Kitabu cha tarikh cha Wajapani kiitwacho Nihon Shoki, kilichomalizika mwaka 720, kinaeleza kwamba mfalme Jomei alikwenda kwenye chemchemi ya Arima mwaka 631 akakaa huko. Safari za wafalme hazishangazi, kwani mfalme huenda apendapo. La kushangaza zaidi limo katika maelezo ya jimbo la Izumo, yaliyokamilishwa mwaka 733. Humo imetajwa chemchemi ya kando ya mto, mahali paitwapo Tamatsukuri hata leo, na imeelezwa kwamba wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, wakimiminika hapo kila siku mpaka pakawa kama sokoni. Watu waliamini kwamba aogaye mara moja hupendeza sura, na akirudia maradhi humtoka. Kwa hivyo tangu karne ya nane maji haya yalikuwa ni ya umma. Na nyumba za kulala ni za kale vile vile: iko moja katika milima ya Yamanashi, jina lake Keiunkan, ambayo huhesabiwa kuwa ilianzishwa mwaka 705, na mwaka 2011 kitabu cha Guinness kiliiandika kuwa ndiyo nyumba ya wageni kongwe kuliko zote duniani.

Basi wakati wa Tokugawa mkulima hakuwa huru kusafiri. Kuondoka kijijini kulitaka hati, na njiani kulikuwa na vituo vya walinzi waliozikagua. Lakini ziko sababu mbili ambazo wakubwa waliona vigumu kuzikataa: kwenda kuzuru mahali wanapopatukuza, na kwenda kujitibu kwa maji ya moto. Kujitibu huko kwaitwa toji, na hesabu yake ilikuwa maalumu. Siku saba ziliitwa mzunguko mmoja, na mizunguko mitatu ndiyo dawa kamili. Huenda kanuni ya siku saba ilitokana na uzoefu wa matabibu, huenda pia ilitokana na kwamba mkulima hakuweza kutoka na kurudi kwa siku mbili. Vyovyote iwavyo, hati iliandikwa kwa siku hizo naye akazitumia zote.

Walikwenda kwa majira. Kwanza baada ya kupandikiza mpunga, wakati mgongo umekwisha kuvunjika kwa kuinama matopeni. Kisha katika joto kali la kiangazi, kisha baada ya mavuno, na wengine katika kilele cha baridi, theluji imejaa mlangoni. Aliyepata kumuona mkulima wa mpunga popote pale atafahamu kwa nini. Maji yale hayakuwa anasa kwake. Yalikuwa ni matengenezo ya mwili ambao mwakani ulitakiwa tena shambani.

Namna siku ilivyopita katika nyumba hizo inapendeza kuisimulia. Vyumba vilitandikwa mikeka mizito ya tatami, na baina ya chumba na chumba hapakuwa na ukuta, ila milango ya karatasi ya kusukuma, hata jirani akikohoa humwambia pole. Alfajiri watu hushuka majini. Wakirudi, wanawake hukutana jikoni, jiko moja la wote, kila mmoja na chungu chake, na hapo ndipo ujirani ulipofungwa: huyu hutoa figili za achari, yule hutoa uyoga wa milimani kwao, na watu wasiojuana jana hula pamoja leo. Mchana hulala, hushona, huongea. Jioni hushuka tena majini. Wengi wakikutana nyumba ile ile, mwezi ule ule, mwaka hata mwaka, na posa nyingi zilianzia jikoni.

Matabibu nao waliwaonya wasizidishe. Kaibara Ekiken, mwanachuoni aliyeandika kitabu mashuhuri cha kutunza siha mwaka 1712, alisema kwamba hata mwenye nguvu asiingie majini zaidi ya mara tatu kwa siku, na dhaifu mara moja au mbili, wala mtu asikae humo hata akatokwa na jasho jingi. Baada yake Kagawa Shutoku, katika kitabu chake cha dawa cha mwaka 1738, aliichambua chemchemi kwa sifa zake, na akaipa Kinosaki daraja ya juu. Watu wa kawaida walikuwa na vipimo vyao vingine: zilichapishwa karatasi za kupanga chemchemi kwa daraja kama wapangwavyo wacheza mieleka, Kusatsu ikiongoza upande wa mashariki na Arima upande wa magharibi, nazo zikauzwa kama njugu.

Wakubwa hawakupenda kupanga safu na wakulima majini. Tokugawa Ieyasu, muasisi wa dola ile, alikwenda mwenyewe Atami mwaka 1604 akakaa siku saba, lakini warithi wake waliona ni bora maji yawafuate wao. Maji ya Atami yakawa hutiwa katika mapipa mapya ya mbao, wapagazi wakayabeba mbio mpaka Edo, mji ambao leo ni Tokyo, mwendo wa kiasi cha kilomita 100, ili shogun ajimwagie katika ngome yake. Naona hiyo ndiyo tafauti nzima baina ya watu wawili hawa. Mmoja huyaendea maji, na mwengine hubebewa, na sidhani aliyebebewa alipata lolote ambalo mkulima hakulipata. Jiko la wote, kwa yakini, hakulipata.

Hata hivyo pesa haziachi mahali. Katika njia kuu ya Tokaido sheria iliwataka wasafiri walale katika vituo vilivyowekwa na dola, na vituo viwili vya jirani vilikuwa Odawara na Hakone. Baina yao pana Yumoto, kijiji cha chemchemi, na wasafiri wakaanza kulala huko usiku mmoja tu, wakisema kwamba wamo katika kujitibu. Wenye vituo walikasirika, wakashitaki mwaka 1805. Kujitibu gani huko kwa usiku mmoja? Hoja yao ilikuwa na nguvu, kwani dawa ilijulikana kuwa ni siku saba. Lakini wakubwa wa njia waliamua kwamba usiku mmoja unaruhusiwa. Hukumu hiyo ndogo iliwafaa wanavijiji wa Yumoto, nayo ilifungua mlango wa namna mpya ya mgeni: yule ajaye jioni akaondoka asubuhi. Mgeni huyo, miaka mia moja na hamsini baadaye, ndiye aliyekuja kuzigeuza nyumba hizi zote.

Sasa turudi kwenye maji. Katika vijiji vingi vya kale nyumba za wageni hazikuwa na birika la kuogea ndani. Birika lilikuwa moja au machache, katikati ya mji, chini ya paa la kijiji, na mgeni wa nyumba kubwa na mgeni wa nyumba ndogo wote walitoka mlangoni wakaenda huko kwa miguu, wamevaa joho jepesi la pamba liitwalo yukata na viatu vya mti ambavyo sisi wa pwani twavijua kwa jina la mitalawanda. Utaratibu huo ulikuwa ndio dhamana ya maskini. Tajiri aliweza kununua chumba kizuri zaidi, lakini hakuweza kununua maji mazuri zaidi.

Mji wa Kinosaki uliupigania utaratibu huo kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini. Mwezi wa Mei 1925 zilizala kubwa iliuangusha mji na moto ukauteketeza. Katika kuujenga upya, mwenye nyumba moja ya wageni alichimba katika kiwanja chake akapata maji ya moto, na mwaka 1927 akataka kuwaogesha wageni wake humo humo ndani. Watu wa mji wakamzuia. Yeye akasema: ardhi ni yangu, na kilichomo chini yake ni changu. Wao wakasema: mishipa ya maji chini ni mmoja, ukivuta wewe hukauka birika la wote, na mji huu umeishi kwa mabirika ya wote tangu babu zetu. Kesi iliingia mahakamani, ikapita vita kuu, watu wakafa na kesi ipo, hata mwaka 1950 wakapatana. Mapatano yalikuwa kwamba maji yote ni ya kutunzwa kwa pamoja, na nyumba zaruhusiwa kuwa na mabirika ya ndani, lakini yawe madogo, ili mgeni asiache kutoka. Hata leo mtu akienda Kinosaki atayakuta mabirika ya mji, na jioni ataisikia mitalawanda ikigonga njia nzima kando ya mto.

Kesi ya pili ni ya mji wa Unazuki, katika jimbo la Toyama. Unazuki haina chemchemi yake. Maji yake yaletwa kwa bomba kutoka bonde la Kuronagi, mwendo wa kilomita 7.5 ya milima. Katika mwendo huo wote bomba lilikatiza kipande kimoja cha ardhi ya mtu bila ya ruhusa yake, na kipande chenyewe kilikuwa ukubwa wa mikeka minne ya tatami, katika mteremko usiofaa kulima wala kujenga. Mtu mmoja alipojua hilo aliinunua ardhi ile, kisha akaenda kwa wenye bomba akawaambia: lioندoeni, au nunueni ardhi hii pamoja na yangu nyingine ya jirani kwa bei nitakayo mimi. Jumla ilifika kiasi cha yen 20,000, na zama hizo hizo zilikuwa ni mali nyingi mno kwa korongo tupu. Mji mzima ulikuwa hatarini kukauka. Mwezi wa Oktoba 1935 mahakama kuu ya nchi ilikata kwamba haki ya mwenye ardhi ni haki, lakini mtu hawezi kuinunua haki kwa kusudi la kuwakaba wengine, akataka faida isiyostahiki kwa madhara ya watu. Kutumia hivyo si kutumia haki bali ni kuichezea. Wanafunzi wa sheria wa Japani hufundishwa hukumu hiyo mpaka leo. Wengi wao, nadhani, hawajapata kuoga Unazuki.

Msomaji wa kwetu amekwisha kuuliza moyoni: na haya, je? Swali ni la haki. Kuoga kwa Wajapani ni utupu, wala nguo haiingii majini. Mtu hukaa kwanza kwenye kigoda, akajisugua na kujimwagia mpaka akatakata, ndipo aingie birikani, kwani maji ni ya wote na ni aibu kuyachafua. Katika hilo la tahara wako makini sana. Lakini zamani, mahali pengi, wanaume na wanawake waliingia birika moja. Si kweli kwamba hakuna aliyeona vibaya: dola ya Tokugawa ilipiga marufuku jambo hilo katika hamamu za Edo mwaka 1791, na amri ikarudiwa kwa kuwa haikushikwa. Wamarekani waliokuja kwa manowari mwaka 1854 waliona hamamu ya Shimoda wakashituka, wakaandika na kuchora, na Wajapani nao wakaona haya kwa kuonekana. Mwaka 1900 serikali ya Meiji ilikataza kwa nchi nzima watu wa miaka 12 na zaidi kuchanganyika. Mijini amri ikashika. Milimani ikachelewa, na hata leo yapo mabirika machache ya zamani, kama lile kubwa la mbao la Sukayu katika jimbo la Aomori, ambayo desturi hiyo haijatoka. Kwengine kote wanaume mbali na wanawake mbali, na nyumba nyingi zina birika dogo la kukodi kwa saa, ambalo mtu na aila yake hujifungia kwa komeo.

Baada ya vita kuu ya pili ndipo mageuzi makubwa yalipoingia. Sheria ya mwaka 1948 ilieleza nini hasa chemchemi: maji yatokayo ardhini kwa joto la daraja 25 na zaidi, au yenye kiasi maalumu cha moja katika madini yaliyotajwa. Nchi ikatajirika. Makampuni yakawapeleka wafanyakazi wao kwa mabasi, usiku mmoja, milo miwili, karamu ya ulevi na kelele, kesho wakarudi. Yule mgeni wa usiku mmoja wa Yumoto sasa alikuwa ni mamilioni. Katika miji kama Atami na Kinugawa yalijengwa mahoteli ya saruji ya ghorofa nyingi, kila moja likiwa na mabirika yake ndani, na maduka ndani, na michezo ndani, ili mgeni asitoke na pesa zake. Ulipofika mwaka 1991 neema ile ikaporomoka. Kinugawa leo ina majumba matupu yaliyojipanga juu ya mto, madirisha yamevunjika. Na nyumba ndogo pia ziliumia, kwani wakulima wenyewe walipungua na wana wao walihamia mijini: mwaka 1980 nyumba za wageni za Kijapani zilizosajiliwa zilikuwa zaidi ya 80,000, na mwaka 2017 hazikufika 40,000.

Lakini hazikwisha. Osawa, katika jimbo la Iwate, sehemu ya wageni wa kujipikia ingaliko, jengo la mbao la kiasi cha miaka 200, na mgeni hukodi chumba, na akitaka hukodi godoro, joho na kipasha joto, kila kimoja kwa bei yake, asichokichukua hakilipii. Hijiori, katika jimbo la Yamagata, wanawake wa mashamba huja alfajiri kutandaza mboga na uyoga njiani mbele ya nyumba, wageni wakanunua wakiwa na yukata zao, wakaingia kupika. Kannawa, katika mji wa Beppu, hawahitaji hata kuni: mvuke wa ardhini umefungiwa katika majiko ya mawe uani, na mgeni huteremsha kapu la viazi, mayai na samaki, akafunika, akangoja. Kulala hivyo, bila ya milo, hugharimu aghalabu chini ya nusu ya bei ya nyumba ya milo miwili, pamoja na kodi ndogo ya maji ambayo kwa kawaida ni yen 150 kwa kila mtu kwa siku.

Na hapa pana jambo ambalo wenye kuandika vitabu vya watalii hawalioni, lakini mama wa nyumba yetu ataliona mara moja. Mwislamu anayekwenda Japani hupata tabu ya chakula, kwani katika milo ile mizuri ya nyumba za fakhari huwamo ulevi hata ndani ya mchuzi, na nguruwe asipotangulia hufuata. Nyumba ya maskini haina tabu hiyo. Sufuria ni yako, samaki umemnunua mwenyewe, moto ni wako. Beppu kuna chuo kikuu chenye wanafunzi kutoka kila pembe, na msikiti uko, na majiko ya mvuke ya Kannawa hayamuulizi mtu dini yake.

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo, kwa sababu mlango uliokuwa wazi kwa maskini haukuwa wazi kwa kila maskini.

Kusatsu, ile iliyoongoza katika karatasi za daraja, ina maji makali kama siki, yenye kibiriti upele, na moto wake ni mwingi hata watu huyakoroga kwa mbao ndefu ili yapoe bila ya kuchanganywa na maji baridi. Kwa ukali huo iliaminiwa kwamba yatibu maradhi ya ngozi, na kwa hivyo, kwa karne nyingi, wenye ukoma waliyaendea. Wengi walikuwa wamekwisha kufukuzwa makwao. Mjerumani Erwin Bälz, tabibu aliyefika Japani mwaka 1876 na kufundisha Tokyo, aliisifu sana Kusatsu duniani, na kwa kadiri sifa zilivyokuja ndivyo wenye mji walivyotaka wagonjwa wale wasionekane. Mwaka 1887 walitengewa mtaa wao bondeni, Yunosawa. Ajabu ni kwamba mtaa huo ulisimama. Wagonjwa walijenga nyumba zao, wakafungua maduka, wakawa na nyumba za wageni walizoziendesha wao wenyewe kwa wagonjwa wenzao. Bibi mmoja wa Kiingereza, Mary Cornwall Legh, alihamia huko mwaka 1916, akiwa amekaribia miaka 60, akatumia mali yake kuwajengea makaazi, tiba na shule.

Haikudumu. Sheria ya mwaka 1931 iliamuru kila mwenye ukoma atengwe, mwaka uliofuata serikali ikafungua kambi ya wagonjwa nje ya Kusatsu, na mwaka 1941 Yunosawa ikavunjwa. Katika kambi ile palijengwa jela ya vyumba vya giza kwa wagonjwa walioitwa wakaidi, na milima ile theluji yake huua. Baina ya mwaka 1938 na 1947 walifungwa humo watu 93, na 23 kati yao walikufa. Dawa ya kuponya ukoma ilikwisha kupatikana katika miaka ya arubaini, lakini sheria ya kuwatenga haikufutwa mpaka mwaka 1996. Mwaka 2001 mahakama ya Kumamoto ikasema wazi kwamba serikali iliwadhulumu, na serikali haikukata rufani.

Basi mwaka 2003, jimbo lile lile la Kumamoto lilipanga safari kwa wazee wa kambi ya Kikuchi Keifuen. Watu walioponywa miongo mingi nyuma, wazee sasa, wakapelekwe kuoga na kulala katika hoteli moja ya chemchemi za Kurokawa, nchini mwao wenyewe. Chumba kilikwisha kuwekwa. Hoteli ilipojua wageni ni nani, ikakataa, ikatoa udhuru kwamba wageni wengine watachukia. Gavana wa jimbo alikasirika akalitangaza jambo lile. Kisha mkubwa wa hoteli akaja kambini na karatasi ya kuomba radhi, akisema lilikuwa kosa lake binafsi kwa kutojua, na wazee, ambao walijua kwamba uamuzi ulitoka juu yake, wakaikataa karatasi ile.

Hapo ndipo barua zilipoanza kuja. Hazikwenda hotelini, zilikwenda kambini, kwa wazee. Zilikuja kwa mamia pamoja na simu, aghalabu bila ya jina la mwandishi, zikiwaambia kwamba wamejitia kiburi, kwamba wanakula kodi za watu, kwamba nani angependa kuingia nao maji mamoja. Mwaka 2004 hoteli ilipewa adhabu ya kufungwa kwa siku chache, na baadaye mwaka huo huo wenyewe wakaifunga moja kwa moja. Ama zile barua, wazee wa Keifuen walizikusanya zote wakazipiga chapa pamoja kuwa kitabu, pamoja na matusi yake kama yalivyo.